Tairi Kubwa kwenye Fremu ya 26: Pima Kabla Hujatoa Pesa

Wiki iliyopita nilipokea ujumbe kutoka kwa msomaji wa Singida, kijana aliyenunua baiskeli ya mlimani ya mtumba yenye magurudumu ya inchi 26, ambaye sasa anataka kuifunga magurudumu makubwa zaidi ili aende nayo safari ndefu za lami na changarawe. Swali lake lilikuwa moja tu: "Kaka, fundi wangu amesema yanaingia. Ninunue?" Nilipolisoma neno hilo, "yanaingia", mtulinga wangu wa kushoto uliuma, ingawa daktari alishanihakikishia kwamba umeunga vizuri.

Mimi pia niliambiwa yanaingia. Nilikuwa na fremu nzuri ya alumini, yenye breki za disiki mbele na nyuma, na uma wa mbele wenye shokapu za springi. Nilitamani magurudumu ya 700C, saizi kubwa kuliko 26, kama yale ninayoyaona kwenye baiskeli za watalii wanaopita hapa Moshi, kwa sababu niliamini, na bado naamini, kwamba gurudumu kubwa hupita juu ya mashimo kwa utulivu zaidi. Fundi wangu, ambaye sitamtaja, aliyapachika magurudumu hayo yakiwa na tairi za milimita 40, akalizungusha la mbele kwa kidole, likazunguka kimya kabisa. "Mzee, hii imeingia bila wasiwasi," akasema. Nikalipa, nikaondoka nikipiga mluzi.

Siku ya tatu nilikuwa nateremka kutoka Kibosho kuelekea mjini. Palikuwa na mtaro uliochimbwa na mvua ukikatiza barabara, wa kina cha kiganja hivi, na mimi sikupunguza mwendo kwa kuwa ndiyo kwanza nilikuwa najivunia magurudumu yangu. Shokapu zilibonyea mpaka mwisho, tairi likagota kwenye bega la uma, yaani pale miguu miwili ya uma inapokutana chini ya shingo ya fremu, na gurudumu likasimama papo hapo. Mimi sikusimama. Nilitua kwa bega kwenye changarawe, na mama mmoja aliyekuwa amebeba mkungu wa ndizi alikuwa wa kwanza kunifikia. Ya hospitali nayaruka. Nitasema tu kwamba katika wiki 6 nilizokaa na mkono kwenye kombeo, fundi hakuja kunijulia hali hata mara moja, na salamu aliyonitumia ilikuwa kwamba niliendesha vibaya.

Nilipopata nafuu niliishika rula, nikafanya hesabu ambayo ingenichukua dakika 5 tangu mwanzo. Ringi ya 26 ya baiskeli ya mlimani ina kipenyo cha milimita 559 mahali tairi linapokaa, na ile ya 700C ina 622. Tairi langu la zamani lilikuwa na unene wa milimita 53, kwa hiyo kutoka katikati ya ekseli mpaka juu ya tairi palikuwa na milimita 332 na nusu. Gurudumu jipya lilifika 351. Tofauti ni milimita 18 na nusu, karibu sentimita 2, na sentimita hizo zilitoka kwenye nafasi ambayo shokapu inaihitaji inapobonyea. Gurudumu lililozunguka kimya karakana lilikuwa linazunguka kwenye uma uliosimama wima, pasipo mtu juu yake, pasipo tope na pasipo mtaro.

Nyuma nako kulikuwa na msiba mwingine niliougundua nilipoifuta fremu. Kwenye zile paipu mbili zinazotoka kwenye ekseli ya pedali kwenda kwenye gurudumu, rangi ilikuwa imekwanguliwa ikabaki alumini tupu inayong'aa, alama ya urefu wa kucha kila upande. Paipu hizo husogeleana kadiri zinavyokaribia pedali, na gurudumu kubwa husogeza sehemu pana ya tairi mbele zaidi, mahali ambapo nafasi ni finyu. Nilipopanda mlima nikiegemea pedali, gurudumu lilipinda kidogo na tairi likasaga.

Basi ushauri wangu ni kupima. Usiliamini neno la 26 au 28 lililoandikwa kwa maandishi makubwa. Tafuta ubavuni mwa tairi namba mbili zenye kistari katikati, kama 54-559 au 40-622, ambazo ya kwanza ni unene na ya pili ni kipenyo cha ringi. Baiskeli nyingi za mtumba kutoka Japani zina magurudumu yanayoitwa 26 pia, lakini tairi lake limeandikwa 26 x 1 3/8, na kipenyo chake ni 590, hivyo halikai kwenye ringi ya 559 hata ulibembeleze vipi. Pima ukiwa umejaza upepo kamili, na ikiwezekana liache usiku kucha upime tena, kwa sababu tairi jipya hutanuka, na ringi pana hulifanya kuwa nene kuliko lilivyoandikwa. Mimi hutumia spana ya L ya milimita 6: lazima ipite kati ya tairi na fremu kila mahali, kushoto, kulia na juu, wakati gurudumu linazungushwa mzunguko mzima, maana ringi iliyopinda hudanganya mahali pamoja na kusema kweli pengine. Kisha mwambie fundi atoe springi za uma, abonyeze mpaka mwisho, halafu upime tena pale begani. Akikwambia hakuna haja, beba baiskeli yako uondoke.

Wenye breki za kubana ringi wana shida ya ziada, kwa kuwa kutoka ringi ya 559 kwenda ya 584, saizi iliyo kati ya 559 na 622, mpira wa breki unatakiwa upande juu milimita 12 na nusu, na mikono ya kawaida ya breki haina nafasi hiyo.

Ndugu zangu, tunapenda sana kuuliza kama kitu kinaingia, kwa sababu jibu la ndiyo linaturuhusu kununua. Tunamlipa fundi atuambie tunachotaka kusikia, kisha tunamlaumu, nami nimo katika hao. Mtu aliyepima hamhitaji fundi mwenye maneno matamu. Pimeni.

Fremu yangu sikuitupa. Niliifunga ringi za 584 zenye tairi za milimita 47, ambazo zinanyanyua kila upande milimita 6 na nusu tu kuliko tairi za zamani, na tulipotoa springi na kubonyeza uma, palibaki milimita 9 kati ya tairi na bega. Kwa magurudumu hayo nimekwenda Arusha na kurudi, na pale Boma Ng'ombe niliwapita vijana wawili wenye baiskeli mpya za dukani, jambo ambalo nimelisimulia nyumbani mara nyingi mpaka mama watoto amenikataza kulirudia.

Nilimwomba kijana wa Singida anipigie picha ya ubavu wa tairi analouziwa. Picha ilikuja jana asubuhi: 40-635, gurudumu la zile baiskeli za kizamani za inchi 28, kubwa kuliko hata lile lililoniangusha. Nikamjibu asinunue. Jioni akaniuliza kama jibu langu lingebadilika endapo fundi angepunguza bei.