Poti ya ZZ imevimba, nihamishe au niache? Maswali ya wasomaji kuhusu maua ya ndani

SWALI: Shikamoo shangazi. Nina ZZ, ule mmea wa ndani wa majani ya kung'aa, nilinunua kwa wale wauza maua wa barabarani, mpaka leo iko kwenye ileile poti nyeusi ya plastiki niliyopewa nayo, sasa naona plastiki imevimba upande mmoja na imeanza kupasuka. Muuzaji nilipompigia akasema nihamishie kwenye chungu kikubwa kabisa nimalize kazi, na kweli ninacho kimoja cha saruji pale barazani kikubwa sana. Nihamishe sasa hivi au nisubiri mvua? Halafu bua moja la chini limekuwa njano, ndo dalili yenyewe? Msomaji, Tabata, Dar es Salaam

JIBU: Marahaba mwanangu. Kuhama inahama, tena hata wikiendi hii, ila hicho chungu cha saruji kiache hukohuko barazani.

ZZ kule chini haina mizizi peke yake, ina viazi, vinene vigumu, humo ndo inatunza maji yake ya akiba, na vikishajaa vinasukuma plastiki mpaka inaachia. Kwa hiyo kwa ZZ poti kuvimba ni dalili ya uhakika kuliko chochote utakachokiona kwenye majani. Kwa maua mengine angalia mizizi kama inachungulia kwenye tundu la chini, au ukimwagia maji yanapita moja kwa moja yanatokea chini na udongo hata haujalowa. Na kama bado una wasiwasi laza poti ubavu, igongegonge, utoe mmea uangalie, haufi kwa kuangaliwa. Ukikuta mizizi imejizungusha imeshika umbo la poti na udongo karibu hauonekani, hamisha. Ukikuta udongo unapukutika na mizizi ni michache rudisha, kalale.

Bua la njano ni habari nyingine kabisa. Likiwa moja tu na ni la zamani inaweza kuwa uzee, lakini yakianza kufuatana hayo ni maji mengi, na hapo ndo watu wanaharibu maana wakiona njano tu wanakimbilia poti kubwa, kumbe mmea ulikuwa unazama tayari. Ukishautoa bonyeza viazi kwa kidole, kilicho kigumu ni kizima, kinachobonyea na kunuka kimeoza, kikate na kisu kisafi na uache kidonda kikauke kabla hujarudisha kwenye udongo.

Sasa kwa nini nakataa chungu kikubwa. Ule udongo wa pembeni ambao mizizi haijaufikia hauna wa kuyanywa maji yake, yanakaa humo siku na siku, hewa inakosekana, viazi vinaanza kuoza kimyakimya na wewe juu unaona majani yanang'aa tu kwa sababu ZZ inaweza kuishi kwa akiba muda mrefu sana, siku unayogundua unakuta chini hamna kitu. Chukua poti inayozidi ya zamani kwa upana wa inchi moja au mbili, basi. Lazima iwe na tundu. Hata ndoo ya rangi iliyooshwa vizuri inafaa, toboa chini kwa msumari wa moto. Vile vyungu vya kung'aa visivyo na tundu vifanye koti tu, poti yenye tundu unaidumbukiza ndani na unaitoa wakati wa kumwagilia.

Na kokoto chini ya poti, najua mmefundishwa hivyo wote, achaneni nazo. Maji hayashuki haraka kutoka kwenye udongo laini kwenda kwenye kokoto, yanasimama hapohapo juu yake, kwa hiyo unachofanya ni kuupandisha udongo uliolowa uwe karibu zaidi na mizizi. Ziba tundu kwa kipande cha neti ya mbu iliyochakaa udongo usitoke, inatosha.

Udongo wa uani peke yake unaganda kama tofali. Changanya udongo mweusi sehemu mbili, mchanga wa mto sehemu moja (wa ufukweni usithubutu, una chumvi), samadi kidogo iliyooza kabisa, ikiwa bado inanuka zizi haijawa tayari. Ukipata makumbi ya nazi yaliyochambuliwa au mkaa uliopondwa tia, vinaufanya udongo upumue.

Mvua usisubiri, joto la Dar linautosha mmea kukua karibu mwaka mzima. Wanaotakiwa kusubiri ni wasomaji wangu wa Njombe na Lushoto na Limuru, ile baridi ya Juni mpaka Agosti mizizi inakuwa imelala na kidonda hakiponi upesi.

Kama mmea umekataa kutoka, kata plastiki kwa mkasi, usivute mabua. Panda kwa kina kilekile ulichokuwa nacho, halafu maji usitie kwanza, ngoja siku nne tano mizizi iliyokatika ikauke. Vaa glavu au osha mikono vizuri baadaye, utomvu wake unawasha, ni ukoo mmoja na magimbi na kila aliyewahi kumenya magimbi anajua ninachosema. Watoto na paka wasiutafune. Na tukiwa hapohapo, huu mmea tunaouzwa kama wa ofisi za Ulaya asili yake ni pwani hii ya kwetu, kuanzia Kenya, Tanzania na Zanzibar kushuka mpaka Afrika Kusini, Waholanzi wakaanza kuuzalisha kwa wingi miaka ya 1990 ndo ukaturudia umevaa plastiki.

SWALI: Shangazi, pisi lili yangu ncha za majani zinakauka zinakuwa kahawia na juu ya udongo kuna ukungu mweupe mgumu kama chumvi. Natumia maji ya kisima. Nibadilishe poti? Msomaji, Kigamboni

JIBU: Umejijibu mwenyewe mwanangu, hiyo ni chumvi kweli. Poti usibadilishe, pisi lili haisumbuki kubanwa kidogo, badilisha udongo. Toa mmea, pukutisha udongo wa zamani taratibu bila kuchana mizizi, rudisha kwenye poti ileile iliyooshwa na udongo mpya, na huu mwagilia siku hiyohiyo maana hauna viazi vya akiba kama ZZ. Kuanzia hapo kinga maji ya mvua kwenye ndoo ndo umwagilie nayo. Ncha zilizokauka hazirudi kijani, zikate.

SWALI: Sasa shangazi, nimehamisha mani planti yangu juzi na imelegea yote, niongeze mbolea? Msomaji, Nairobi

JIBU: Hapana, mbolea kwenye mizizi iliyochubuka inaichoma. Iweke mahali penye mwanga lakini jua lisiipige, mwagilia pale tu inchi ya juu ya udongo inapokauka, na uiache, usiitoe tena kuichungulia. Mpe wiki moja hivi. Ila ukiona shina pale chini limekuwa jeusi na laini usisubiri, kata vipande vya juu vilivyo vizima, kila kipande kiwe na kifundo, yaani pale jani linapotokea kwenye shina, weka kwenye glasi ya maji dirishani, baada ya wiki mbili tatu mizizi itaanza kuonekana.