Maoni ya bajeti ya kaunti: tusingoje Mei

Ndugu, umeuliza kama kuna faida kwenda kutoa maoni ya bajeti ya kaunti hapa Kenya mwezi Mei, ilhali zahanati ya wadi yenu hukosa dawa kila mwaka. Nenda, lakini kufikia Mei viwango vya pesa za kila idara huwa vimeshapangwa. Mpango wa Maendeleo wa Mwaka, unaotaja miradi ya kaunti, hufikishwa katika bunge la kaunti kufikia Septemba 1 inayotangulia. Ile Taarifa ya Mkakati wa Fedha, inayogawa pesa kati ya afya, maji na barabara, hufika kufikia Februari 28. Hapo ndipo pa kupigania dawa! Kifungu cha 201 cha Katiba kinatupa haki ya kushiriki katika masuala ya fedha za umma. Andikeni waraka, wakazi watie sahihi, na mdai nakala yenye muhuri wa kupokelewa.