Maswali ya Wasomaji: Mandolini Nyuma ya Mwimbaji

SWALI: Salamu, mhariri. Nimezoea mandolini ya taarab, kuufuata wimbo bega kwa bega na mwimbaji. Sasa nimeingia bendi ya blugrasi, ule muziki wa Marekani: gitaa, banjo, fidla, besi na mimi. Solo zangu wanazipenda, lakini mwimbaji akianza wanasema namfunika na mwendo unakimbia. Nipige nini wakati si zamu yangu?
Msomaji, Kisauni

JIBU: Ndugu yetu, hapo umepewa kazi ya mpiga ngoma. Bendi ya blugrasi ya kiasili haina ngoma. Katika kila mapigo manne, besi hushika la 1 na la 3, nawe unajibu la 2 na la 4 kwa mlio mfupi, mkavu, unaokatwa papo hapo; huko ndiko kukata. Ndivyo alivyopiga mpiga mandolini Bill Monroe wa Kentucky, Marekani, ambaye bendi yake, Blue Grass Boys, iliupa muziki huu jina.

Anza na kodi (sauti kadhaa zinazopigwa pamoja) ya G. Nyuzi za mandolini ni jozi nne, kutoka nene hadi nyembamba: G, D, A na E; freti ni vile vyuma vya shingoni. Kidole kidogo kiweke freti ya 7 kwenye jozi ya G, cha pete freti ya 5 kwenye D, cha shahada freti ya 2 kwenye A, cha kati freti ya 3 kwenye E. Piga kwa kifundo cha mkono, uzito ukiangukia nyuzi nene, kisha legeza vidole mara moja bila kuvibandua kwenye nyuzi. Ukivibandua, nyuzi tupu, zisizobanwa na kidole, zitalia. Ukivilegeza mapema mno, utasikia "chak" tupu isiyo na kodi ndani yake, na hilo nalo ni kosa. Kwa sababu hiyo hiyo epuka kodi zenye nyuzi wazi: hakuna kidole cha kuzinyamazisha.

Mkono ukiuma, iache jozi ya E na ubaki na freti 7-5-2. Sauti zote tatu za G zimo. Kodi ya C ni 5-2-3, na ya D ni 7-4-5, ukihesabu kutoka jozi nene. Piki, kile kipande cha kupigia nyuzi, iwe nene, milimita 1.2 hadi 1.5. Nyembamba hujikunja na kuchelewesha pigo.

Mwendo hukimbia hasa pale kodi inapobadilika, kwa kuwa mkono wa kulia umesimama hewani ukisubiri, halafu unaanguka kabla ya wakati. Usiusimamishe: uteremke na kwenye 1 na 3 pia, bila kugusa nyuzi. Weka metronomu, kifaa kinachohesabu mapigo kwa mlio, kwenye 60 kwa dakika, uchukulie kila mlio kuwa pigo la 2 au la 4, na 1 na 3 uzihesabu mwenyewe. Hapo unapiga kwa mwendo wa 120. Ni zoezi gumu, na hatujui lililo bora zaidi.

Ama kumfunika mwimbaji: usiposikia maneno yake, umezidisha sauti. Vikolezo vyako vingoje mwisho wa mstari, pale anapovuta pumzi, na viwe vya chombo kimoja tu. Kubalianeni mapema: ubeti wa kwanza fidla, wa pili wewe. Banjo ikichukua solo, kata kwa nguvu kidogo zaidi. Solo ikiwa yako, muombe mwenye banjo akushikie 2 na 4.

SWALI: Na nyimbo za polepole za mapigo matatu?
Msomaji, Nyali

JIBU: Besi 1, wewe 2 na 3, kwa upole. Ama acha kukata, uchague sauti mbili za kodi na kuzitetemesha kwa piki, chini kabisa ya sauti ya mwimbaji.

SWALI: Nyuzi zangu hushika kutu upesi, na kodi za juu shingoni zinalia vibaya.
Msomaji, Likoni

JIBU: Chumvi ya hewa ya pwani na jasho. Pangusa nyuzi kwa kitambaa kikavu kila umalizapo, hata upande wa chini, na chombo kikae kwenye kasha lake. Wakati wa kaskazi usikiache ndani ya gari. Joto hulegeza gundi. Nyuzi badilisha mmoja mmoja, kwa kuwa daraja la mandolini, kile kijiti kinachobeba nyuzi juu ya ubao, halikugundishwa, linashikiliwa na mkazo wa nyuzi tu. Kisha, kwa hizo kodi za juu, linganisha sauti mbili: gusa uzi kidogo juu ya freti ya 12 bila kuukandamiza, upige, halafu ukandamize hapo hapo. Sauti ya kukandamiza ikiwa juu zaidi, legeza nyuzi kidogo, sogeza daraja nyuma kuelekea mkiani kwa nusu milimita, kaza, upime tena.