Kilimanjaro Novemba: panda tu, ila linda nguo kavu

Mkuu umeuliza likizo yako ya Novemba uitumie kupanda Kilimanjaro au usubiri mpaka Januari, maana kila unayemuuliza anakwambia vuli sio muda wa mlima. Mimi nimepanda mara mbili, zote Novemba, zote kwa njia ya Marangu, ya kwanza nikaishia Gilman's, ukingo wa juu kabla ya kilele, ya pili nikafika Uhuru, kilele chenyewe, kwa hiyo naongea nilichokiona sio cha kuhadithiwa. Jibu langu ni panda. Mvua yenyewe haikukwamishi, kinachokukwamisha ni kile kitu kilicholowa huku chini halafu ukapanda nacho juu.

Mara ya kwanza nilienda kishamba kabisa, siku tano, nikiona siku ya sita ni kupoteza hela. Vuli ya kule ina tabia yake, asubuhi kunakucha kweupe unamuona Kibo, ule mlima wa juu wenye kilele, kama kapakwa chokaa, ikifika saa saba saa nane mchana wingu linapanda kutoka bondeni na ndani ya nusu saa humuoni hata aliye mbele yako. Sasa ule msitu kati ya geti na Mandara, kambi ya kwanza ya kulala, kwenye mita 1,900 hivi mpaka 2,700, unakulowesha hata mvua isiponyesha, majani yanadondosha maji masaa yote na mbega wamejikunyata huko juu wanakuangalia tu. Mimi nimevaa jinzi. Aisee, jinzi! Ikanywa maji mpaka nikawa natembea kama nimefungwa mchanga miguuni, nikajipa moyo nitaianika Mandara. Mkuu pale hakuna kinachokauka, ni vibanda vya mbao, moto hamna, mmejazana na kila mtu kaanika chake, asubuhi nguo iko vilevile ila sasa ina baridi.

Ila jinzi haikuniponza, nilikuwa na suruali nyingine. Kilichoniponza ni glavu. Nilikuwa na jozi moja tu ya sufi, ikalowa siku ya pili tukikaribia Horombo, kambi ya pili, nikaisokomeza mfuko wa pembeni wa begi nikasahau. Usiku wa kupanda kilele pale kambi ya Kibo, kwenye mita 4,700, mnaamshwa kama saa tano usiku mnywe chai mtoke saa sita, natoa glavu zimekakamaa kama dagaa wakavu. Nikavaa soksi mikononi. Nilifika Gilman's jua linachomoza, mita 5,685, vidole sivisikii kabisa, muongozaji akanivua ile soksi akaangalia akasema "mdogo wangu tunageuka". Nikabisha. Akanambia Uhuru ni saa moja na nusu mbele, na kurudi, vidole utavikuta vimebaki huko. Nilishuka nalia, na jibaba langu hili.

Mara ya pili nilichukua siku sita, ile ya ziada unalala tena Horombo kwenye mita 3,720, mchana mnapanda mpaka yale mawe ya mistari wanayoita Zebra Rocks mnarudi kulala chini. Wengi wanaogeuzwa Novemba wanasingizia mvua kumbe ni kimo, hewa unayovuta Uhuru ina kama nusu tu ya oksijeni ya Dar, na mwili unataka siku za kuzoea. Kichwa kikiuma sema. Ukianza kutapika na kuyumba kama mlevi usijikaze, shuka.

Vitu sasa. Seti moja ya nguo za kulalia, soksi zikiwemo, ifunge kwenye mfuko mzito usiopitisha maji, halafu mwingine juu yake, na USIIVAE njiani hata ikunyeshee vipi, asubuhi vaa zile mbichi zako utetemeke dakika kumi mwili utapasha. Glavu jozi tatu. Hivi vyote nilizoa mitumba pale Memorial Moshi, jaketi la maana kabisa, ila koti la mvua lijaribu kwanza, simama nalo chini ya bomba dakika tano kabla hujapanda nalo, mengine yanavuja mishono yote. Kava la begi peke yake halitoshi kwa sababu maji yanaingia upande wa mgongoni. Magazeti beba, ukifika tu unasokomeza kwenye buti, yanavuta maji kuliko unavyodhani. Usiku wa kilele chupa ya maji ilaze kichwa chini, barafu huanza kuganda juu kwa hiyo mdomo unabaki wazi, na simu ikae kwapani, betri huko inakata ghafla.

Theluji ndo raha ambayo hawakwambii. Mvua ya Horombo juu inakuwa theluji, ule mchanga wa kokoto wa kwenda Gilman's ambao kiangazi unapiga hatua mbili unarudi moja, usiku ule kwangu ulikuwa umeganda, buti inashika. Ila miwani ya jua beba, asubuhi inapiga mwanga unaumiza macho kweli. Na watu wachache, Horombo tulikuwa hata meza hatugombanii.

Njia, kama unataka kukwepa maji ipo Rongai upande wa kaskazini kule mpakani na Kenya, pakavu zaidi sababu upepo wa mvua unatoka baharini unamwaga kusini na kusini mashariki, ila utalala hema na kushuka unashukia Marangu hukohuko kwenye msitu. Mimi bado nachagua kitanda, na Marangu ndo njia pekee yenye vibanda vya kulala. Machame nzuri lakini lile jabali la Barranco likiwa linateleza sikushauri mara ya kwanza. Na ukiniuliza Aprili, masika yenyewe, siendi.

Kingine, kabla hujalipa uliza wagumu wako, yaani wapagazi, wanavaa nini. Sheria ni kilo 20 kwa mgumu, sawa, ila safari yangu ya kwanza aliyebeba begi langu alikuwa kajifunika salfeti kichwani, nimekuja kujua Horombo, mimi nalialia jinzi imelowa. Kampuni iliyoonesha bei ya chini kuliko zote ndo hiyo hiyo.

Ukipata tarehe niambie, poncho yangu kubwa ya mvua ipo kwa shemeji yangu Moshi, pitia uichukue. Glavu nunua zako.