Mkeka wa bibi yako

Wete, Pemba

Mwanangu Salim,

Waalaykum salaam. Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara mbili, mara ya pili huku nasuka. Umesema wenzako wa kazini walikupeleka kwenye maonyesho ya picha huko Dar es Salaam, ukakuta turubai kubwa limepakwa buluu tupu, watu wamelizunguka kimya kama wamo hitimani, na wewe umesimama nao unatazama saa. Kisha ukaniuliza: "Mama, sanaa ni nini hasa? Na mimi nisiyeiona, napungukiwa nini?"

Hiyo buluu sijaiona, kwa hiyo siisemi. Huenda ina neno, huenda ni rangi tu. Lakini hilo swali lako la pili mie niliwahi kulijibu kwa aibu, wewe hujazaliwa.

Nilikuwa na miezi minane tangu niolewe. Bibi yako alinisukia mkeka wa kutandika kitandani, wa ukindu, wa kijani na zambarau na weupe wake wa asili. Msimu wa karafuu ukaingia, na mwaka huo mikarafuu ilizaa kweli kweli. Tukachambua mpaka usiku, makonyo huku, karafuu huku. Asubuhi tukaanika. Majamvi yakatuishia, na karafuu mbichi haingoji. Ikilala imelundikana au ikinyeshewa inageuka mpeta, na mpeta hauna bei. Nikaingia ndani, nikautoa mkeka wangu, nikautandaza uani na kuimwaga karafuu juu yake. Sikufikiri mara mbili. Kwangu ulikuwa kitu cha kulalia, na leo utaanikiwa, kesho nitaufuta.

Haukufutika. Karafuu ikaiva juani siku nne, ikatoka rangi yake, na mkeka ukabaki na madoa ya kahawia kama mgongo wa kenge.

Bibi yako akaja siku ya tano. Hakunigombeza, na bora angenigombeza. Akaukung'uta, akaukunjua barazani, akanishika mkono. "Weka kidole hapa." Nikaweka penye mshono, pale ukili mmoja, ule mkanda wa kusukwa, unaposhonwa na mwenzake. "Pitisha." Nikapitisha. Ua la kijani lilianza ukili huu likamalizikia ukili wa pili, na kidole hakikujua kama kimevuka mshono. Akaniambia ukili ule aliufumua mara tatu, kwa sababu kijani kilikuwa kinachelewa kufika kwa upana wa ukucha. Nikamuuliza nani angeona. Akanitazama kama nimemuuliza nani ataiona swala yake.

Sasa chukua jamvi na mkeka. Vyote vinakutenga na udongo. Jamvi likishakutenga limemaliza kazi yake, hulidai zaidi. Lakini kule kuchemsha rangi sufuriani, kule kuhesabu ukindu mmoja mmoja ili maua yakutane, hakumzuilii mtu baridi wala kumlainishia mbavu. Kwa akili yangu mie, sanaa inaanzia hapo: haja imekwisha na mkono bado haujaridhika.

Najua utaniambia, mama, huo ni ufundi, sanaa ni kitu chengine. Mulivitenga huko skuli. Mie mpaka wenyewe siujui uko wapi. Siti binti Saad, yule mwimbaji wa taarab, alitoka Fumba, Unguja, katika jamaa ya wafinyanzi, akipita na vyungu kichwani akivinadi kwa kuimba. Chungu hakitaki sauti nzuri ili kinunuliwe, kinataka sauti ya kusikika tu. Yeye akaiimba. Na mwaka 1928 sauti hiyo ikapanda meli mpaka Bombay kurekodiwa santuri. Nioneshe wewe aliacha lini kuwa muuza vyungu akawa msanii.

Wala usidhani ni lazima kiwe kipya. Umeona pale Mji Mkongwe zile picha za twiga na ndege wenye madoadoa, duka hadi duka. Edward Saidi Tingatinga alizianza huko huko Dar es Salaam, kwa mbao na rangi za baiskeli, akafariki 1972, na tangu hapo watu hawajaacha kumfuata. Wageni husema zote ni moja. Si kweli, nenda uzikague. Mmoja anachora twiga akiwa keshafika kwenye bei, mwengine bado yuko kwenye shingo ya twiga. Bibi yako naye alisuka maua yale yale miaka arubaini.

Sasa, unapungukiwa nini? Sikujibii kwa watu wote, nakujibu kwa nilichopungukiwa mie. Nilipungukiwa na mama yangu. Nilikaa naye mpaka nikaolewa, nikajiona namjua: mkali, mchache wa maneno, hakunibusu mara nyingi. Kumbe maneno yake alikuwa akiyaweka pale, miezi mizima, baada ya Isha, mbele ya kandili. Yakaletwa nyumbani kwangu yamekunjwa, nami nikayamwagia karafuu.

Kofia uliyoivaa Idi, nimeiona kwenye picha, ni ya mashine. Sikulaumu, ya mkono ni ghali na ndivyo inavyopasa. Kila kitundu kimetobolewa na kuzungushiwa uzi peke yake, na kofia moja huchukua miezi. Ila siku ukiishika ya mkono, igeuze ndani kwanza. Mshonaji huonekana ndani.

Wakikupeleka tena kwenye maonyesho, usizunguke ukumbi mzima, utachoka bure. Chagua kimoja, hata hiyo buluu, ukisogelee mpaka uone brashi ilipopita na ilipokataa kupita. Kama hukuona kitu, rudi nyumbani ule, hukukosa adabu. Zipo kazi mbaya duniani, na wanaosimama mbele yake kimya ni wengi.

Baba yako anakusalimu, goti linamsumbua na mikarafuu hataki kuiacha. Mkeka uko juu ya kabati, nimeufunga kwa kanga. Ukija Shaabani uutandike mwenyewe. Ule mshono uko upande wa ukutani, madoa hayakuufikia.

Mamaako