Mwaliko wa shemeji kuwinda bata mzinga Missouri

Ndugu yangu, umeuliza kama umchukue kijana wako wa miaka 12 mkaitikie mwaliko wa shemeji, kuwinda bata mzinga wa porini huko Missouri, Marekani, mwezi wa nne. Mchukue, ila usalama kwanza.

Anzeni na nguo. Majira ya kuchipua kichwa cha dume huwa na nyekundu, nyeupe na bluu, kwa hiyo hata soksi nyeupe inayochungulia juu ya buti ni hatari: mwindaji mwingine anaweza kudhani ni ndege. Kaeni mmeegemea mti mpana kuliko mabega yenu. Mkisikia mlio wa dume msiunyatie, huenda ni mwindaji mwingine anayeiga mlio huo ili kumvuta ndege. Subirini dume aje mwenyewe. Mtu akitokea msipunge mkono, mwiteni kwa sauti kubwa.

Wanaoruhusiwa msimu huo ni madume, au ndege mwenye ndevu, yaani kishungi cha manyoya kama nywele, zinazoonekana kifuani. Kijana asiweke kidole kwenye kifyatulio kabla hajahakikisha hilo.

Vibali, kila mtu na chake. Na mwombe shemeji siku ya kwanza mtoto akae katikati yenu, tena mkiwa na bunduki moja tu kwa wote watatu.