Sadaka ya mkopeshaji wa kausha damu: tuipokee au tuirudishe?

Mzee wangu uliyeuliza, shikamoo. Kwa anayeingia sasa hivi: mwenzetu ni mzee wa kanisa upande wa Muheza. Muumini wao mmoja, anayekopesha kausha damu, yaani mikopo ya riba ya kunyonya, ameahidi mabati yote ya kanisa jipya. Baadhi ya wazee wanasema pesa ni pesa, Mungu ataitakasa. Wengine wanasema ni jasho la wanyonge, irudi ilikotoka. Anauliza sisi watumishi tunafanyaje.

Mimi ni mchungaji hapa Tanga mjini, na jambo la namna hii limeshafika mezani kwangu. Ushauri wangu ni kwamba mabati yawekeni pembeni kwanza, muulizane habari za wale wanaompelekea marejesho.

Soma Kumbukumbu la Torati sura ya 24. Mstari wa 6 unakataza kuchukua jiwe la kusagia kuwa rehani, kwa sababu ukilichukua umechukua uhai wa mtu. Mstari wa 10 na 11 unamkataza mkopeshaji hata kuingia ndani ya nyumba ya mdaiwa. Asimame nje, mwenye nyumba amtolee mwenyewe. Sasa njoo mtaani Ngamiani, hapa mjini kwetu. Kuna mama wa usharika wetu anayekaanga samaki. Alfajiri ananunua soko la samaki la Deep Sea, jioni anauza kibarazani kwake. Rejesho lilipomshinda walikuja vijana wa mkopeshaji, naye ni muumini wetu, na pikipiki wakaingia hadi uani. Karai lilikuwa na mafuta bado. Waliyamwaga mchangani mbele ya wanawe, wakalifunga karai nyuma ya pikipiki pamoja na jiko, wakaondoka. Nilifika mafuta hayajakauka. Deni alikuwa bado analo, na kitu cha kulilipia kimeshaondoka.

Mwalimu mstaafu naye alikuwa ameacha kadi yake ya benki na namba ya siri kwa mkopeshaji huyohuyo. Pensheni ikiingia, mkopeshaji ndiye anayekwenda kwenye mashine, anakata chake, mwalimu anapewa kinachobaki. Hayo tuliyasikia kwa mkewe, mwenyewe alikuwa anaona aibu kusema.

Kuna aliyejibu hapo juu kwamba ikiwa jamaa ana leseni hakuna tatizo. Ni kweli Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 inawataka wakopeshaji wa aina hii wawe na leseni ya Benki Kuu, na asiyekuwa nayo kanisa lisimfunike. Lakini leseni haimruhusu mtu kukaa na namba ya siri ya mzee wa watu. Na hata pale sheria inaponyamaza, nabii Amosi 2:8 anawakemea watu waliojinyosha kando ya madhabahu juu ya nguo walizotwaa rehani. Tazama walipokuwa: ibadani. Ndiyo maana siwezi kukubaliana na wanaosema madhabahu inaisafisha pesa yenyewe.

Hata hivyo wanaotaka ikataliwe hadharani nao siwaungi mkono. Mkimrudishia mbele ya watu mtakuwa mmemwaibisha tu, na karai litabaki stoo kwake. Zakayo katika Luka 19 aliahidi nusu ya mali yake kwa maskini, na kwa kila aliyemdhulumu arudishe mara nne. Hakuna sinagogi lililopata paa siku ile. Waliopata ni watu wa Yeriko.

Sisi tulikwenda nyumbani kwa mkopeshaji wetu huyo jioni, mimi na mzee mmoja, bila kulipeleka kwenye baraza kwanza. Tulisoma sura ile pamoja, polepole. Tukamwomba arudishe kadi za watu, arudishe vyombo vya kazi, na aache kuwaongezea riba wale ambao fedha aliyowakopesha wameshamaliza kuilipa. Alitusikiliza mpaka mwisho. Kadi na vyombo alirudisha. La riba alikataa, na mpaka leo amekataa. Kwa hiyo ahadi yake ya ujenzi hatukuipokea, akaumia, akasali kwingine kwa muda, kisha akarudi. Sakafu yetu bado ni zege la kukwaruza na wapo wazee wanaonilaumu kwa hilo. Nawaelewa, lakini yule mama anakaanga samaki.

Kuna jambo lingine, mzee wangu, na kwangu hili ndilo zito kuliko mabati. Chunguzeni akina mama wenu wanakopa kwa ajili gani. Utasikia ada, utasikia msiba, halafu utasikia ahadi ya ujenzi. Jina lake litasomwa Jumapili mbele ya watu pamoja na kiasi alichobakiza, anaona haya, Ijumaa anakwenda kukopa. Ile pesa inapita kwa mkopeshaji inakuja kwetu, na faida anabaki nayo mkopeshaji. Tunapenda sana kuhubiri sarafu mbili za mjane wa Marko 12:41-44, lakini mstari wa 40, kabla tu ya mjane kutokea, Yesu anawahukumu viongozi wa dini wanaokula nyumba za wajane. Isome mistari hiyo pamoja kabla hamjapanga harambee.

Kwetu hatusomi tena majina na madeni ya ahadi. Bahasha inaingia kimya, mhasibu anajua, inatosha. Mnada wa baada ya ibada tumeubakiza, maana asiye na fedha analeta nazi au mayai yake na anatoa kwa furaha. Ujenzi unakwenda pole, sikufichi.

Kwa hiyo nendeni kwa huyo ndugu wiki hii, kabla ya harambee. Mabati yakishapigwa hakuna mzee atakayekuwa na mdomo wa kumwambia kitu. Nenda na mwenzako mmoja tu, na umuulize kwanza kama yeye mwenyewe hadaiwi na huyo bwana. Akikubali kuwarudishia watu vyao, mabati yapokeeni na mshukuruni kama mnavyomshukuru mwingine yeyote. Akikataa, ezekeni kwa awamu. Anzeni na upande wa madhabahu na wanakokaa wazee, vijana watavumilia turubai.